TOVUTI NI MLANGO, SI PAMBO

Hapana shaka yoyote kwamba katika zama hizi tovuti imekuwa ndiyo baraza ya mbele ya kila ofisi. Mwananchi aliyeko Kojani au Makunduchi aliyekuwa akipanda chombo au gari ili kuuliza ada ya cheti au siku ya mwisho ya maombi ya skuli, leo hutarajia kufungua simu yake akasoma. Maadam ni hivyo, yafaa tujiulize: baraza hiyo tumemjengea mgeni anayebisha hodi, au tumeijenga ili mwenye nyumba ajitazame?

Hivi karibuni mwandishi wa safu hii alikaa na jirani yake, mvuvi, aliyekuwa akitafuta fomu ya mwanawe katika tovuti ya ofisi moja ambayo hatutaitaja. Kwanza zilipita picha kubwa za sherehe, moja baada ya nyengine. Kisha likaja tangazo la kumkaribisha lililoyafunika maandishi yote, na alama ya kulifungia ilikuwa ndogo kuliko ncha ya kidole chake. Hatimaye alipoifikia fomu, aliikuta ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa mshazari, na kabla haijafunguka yote kifurushi chake kikamalizika. Mzee yule alicheka, akasema: “Ndugu yangu, nimelipa nauli, na nilichokiona ni picha ya dereva.”

Kichekesho hicho kina uchungu ndani yake. Lakini kabla hatujawalaumu watumishi wetu, haki inatutaka tueleze kuwa kosa hili halikuzaliwa hapa kwetu. Tumelipokea pamoja na fani yenyewe.

Ukurasa wa kwanza wa tovuti, alioutengeneza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na kufunguliwa kwa watu mwaka 1991, ulikuwa ni maneno matupu pamoja na viungo vya kumpeleka msomaji kurasa nyengine. Uzito wake ni kilobaiti chache tu, na maneno yake yanasomeka mpaka leo katika simu yoyote. Baada ya hapo ndipo yalipoanza mashindano ya mapambo. Kampuni ya Netscape ilileta maandishi yanayowaka na kuzimika kama taa ya gari la zimamoto. Mhandisi Lou Montulli amesimulia kwamba jambo hilo lilianza kama mzaha wa usiku baina ya wahandisi. Asubuhi yake ikaonekana kuwa mwenzao mmoja ameshaliunda kweli. Mzaha huo uliwasumbua wasomaji wa dunia nzima kwa miaka mingi, hata kivinjari cha Firefox kikaja kuuondoa mwaka 2013.

Wakati huo huo palikuwa na kibao cha “Tunajenga”, chenye picha ya mtu mwenye koleo akichimba. Kila aliyefungua ukurasa alikiweka. Wengi wa wachimbaji hao walichimba mpaka mwaka 2009, mtandao wa GeoCities ulipofungwa, na nyumba hazikusimama.

Wabunifu wenyewe hawakunyamaza. Walibishana sana juu ya kupanga kurasa kwa majedwali yaliyokusudiwa hesabu na orodha. Håkon Wium Lie alikuwa amependekeza mwaka 1994 mfumo wa CSS, uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 1996, ili maneno yakae mahali pake na mapambo mahali pake. Wengi walipinga kwamba utaratibu huo utazaa kurasa zisizo na mvuto. Mwaka 2003 Dave Shea alitoa jawabu kwa vitendo: aliweka ukurasa mmoja, akawaalika wabunifu wauvishe mavazi mbali mbali bila ya kubadilisha neno hata moja. Ukawa mwili mmoja wenye nguo nyingi, na ubishi ukapungua nguvu.

Somo kubwa zaidi ni lile la Flash. Kwa miaka mingi ofisi na makampuni yalilipa fedha nyingi kuundiwa tovuti zinazocheza kama sinema, na mgeni akalazimika kusubiri utangulizi umalizike ndipo asome nambari ya simu. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa kueleza kwa nini simu zake hazitaikubali. Kampuni ya Adobe, iliyokuwa ikiimiliki, iliacha kuihudumia tarehe 31 Disemba 2020. Tovuti zilizojengwa kwa Flash tupu zikafungika kama duka lililopotelewa na ufunguo. Aliyeandika maneno ya kawaida mwaka 1991 angali anasomwa, na aliyenunua sinema hana kitu mkononi.

Katika mwaka huo huo wa 2010 Ethan Marcotte alitoa rai kwamba ukurasa mmoja ujipange wenyewe kulingana na upana wa kioo, uwe wa simu au wa kompyuta. Rai hiyo imekubaliwa karibu kila mahali. Lakini kujipanga si kupungua. Ukurasa wa kawaida wa mwanzo wa tovuti duniani hivi sasa una uzito unaozidi megabaiti 2. Tahariri hii nzima, ikitumwa kama maandishi matupu, haizidi kilobaiti 8. Kwa uzito wa ukurasa mmoja wa namna hiyo, msomaji angeweza kupelekewa tahariri 250.

Wapo watakaosema kwamba mtandao wa leo una kasi, na simu za leo zina nguvu. Ni kweli, lakini kasi haikuondoa bei. Anayenunua kifurushi cha siku kwa fedha za kuuzia pweza anaihesabu kila megabaiti. Wapo pia watakaosema kwamba tovuti isiyo na uzuri huivunjia ofisi heshima. Nao wana haki, kwani hatutetei uchafu. Milango ya Mji Mkongwe inasifiwa duniani kwa nakshi zake, na hakuna fundi aliyechonga mlango usiofunguka. Nasi tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba maalim hakuruhusu mtoto kuipamba herufi katika ubao wake kabla herufi yenyewe haijasomeka.

Ushahidi kwamba wepesi na uzuri vinaweza kukaa nyumba moja upo. Serikali ya Uingereza mwaka 2012 ilifungua tovuti ya GOV.UK, yenye maandishi makubwa meusi juu ya weupe na picha chache mno, ili mwananchi apate anachokitaka akaondoka. Mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho ya Usanifu la London liliipa tuzo ya usanifu bora wa mwaka, katika shindano ambalo hata jengo refu la The Shard lilikuwamo.

Kuna ndugu zetu wengine ambao tukiwasahau tutakuwa tumedhulumu. Wasioona hutumia programu inayowasomea kwa sauti, na programu hiyo mara nyingi haiwezi kuisoma karatasi iliyopigwa picha. Viwango vya kimataifa vya kuwafikiria viliwekwa tangu mwaka 1999. Hata hivyo taasisi ya WebAIM ya Marekani, inayokagua kurasa za mwanzo milioni 1 kila mwaka tangu 2019, imekuta kila mara kwamba zaidi ya kurasa 90 katika kila 100 zina kasoro za kuwazuia watu hao. Hivyo aibu hii ni ya dunia nzima, lakini wingi wa wakosaji haulifanyi kosa kuwa halali.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wa ofisi za umma mambo manne. Kwanza, ukurasa wa mwanzo uanze na yale ambayo wananchi huyajia: fomu, ada, tarehe na nambari ya simu inayopokelewa. Picha za viongozi ziwe na ukurasa wake, na anayezitaka atazifuata. Pili, kabla ya mkandarasi kulipwa, tovuti ifunguliwe shamba, kwa simu ya bei nafuu na kifurushi cha kawaida, mbele ya mkulima na mvuvi. Tatu, habari zote ziandikwe kwa Kiswahili fasaha na kwa maandishi halisi. Nne, kila ukurasa uoneshe tarehe ya mwisho ya kusahihishwa, ili mtu asivuke bahari kwa tangazo la miaka mitatu nyuma.

Wabunifu wana mzaha wao mkongwe kwamba mteja, hata akioneshwa kazi nzuri vipi, atasema: “Ikuzeni nembo yetu.” Tunawasihi wakuu wetu wasiwe mteja huyo. Safari nyengine waulize mvuvi amepata fomu yake kwa muda gani na kwa shilingi ngapi. Jawabu lake ndilo litakalopima kazi ya mkandarasi, na ya ofisi iliyomlipa.