Mbwa Mwoga na Brashi Kavu

Katika kumzoesha mbwa mwoga kusafishwa, kuna jambo lisilokwepeka Unguja: mbwa wengi wa mashamba na wa ufukweni hukua bila kushikwa, kwa kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, mbwa ni najisi, na kitu kilichomgusa penye unyevu huoshwa mara 7, moja kati yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa anayeruka akiguswa mguu, basi, si mkaidi. Mkono wa mtu ni kitu kigeni kwake. Na kwa kuwa najisi huhamishwa na unyevu, wala si mguso mkavu, kuanza na brashi kavu yenye mpini mrefu humfaa mhudumu na mnyama vilevile. Kuzoesha hatua kwa hatua, yaani kuambatanisha kila mguso mfupi na kitoweo, hata dagaa mmoja, kabla hofu haijapanda, kuanzie begani na kufikia mwishoni masikio na katikati ya vidole, ambako hujificha kupe wa kahawia aenezaye erlikiosisi, ugonjwa unaoshambulia chembe za damu. Kumwogesha kwa nguvu siku ya kwanza ni kuharibu kazi yote hiyo.