Mfungueni, Mumpe Chaki

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaa wetu alianza kusema peke yake usiku. Aliacha masomo, aliacha kuoga, akaogopa hata chakula cha mama yake. Jamaa walikuja kwangu, mimi katekista wao, kuniuliza ana nini. Niliwajibu upesi: «Ameingiwa na pepo.» Basi wakampeleka katika chumba kimoja cha maombi. Huko walimfunga mguu kwa mnyororo, wakamnyima chakula ili pepo amtoke. Pepo hakutoka. Zilizotoka ni nguvu za kijana. Neno langu ndilo lililompeleka kwenye mnyororo ule, na dhambi hiyo nimeiungama.

Kwa hiyo leo nasema wazi: kumfunga mgonjwa wa akili si sala. Ni ukatili uliovikwa nguo ya sala.

Aliporudi nyumbani, kijana aliokota makaa ya jikoni, akachora ukutani miguu, minyororo na milango. Baba yake akakasirika: «Mwanaume mzima anachezea makaa kama mtoto!» Akafuta yote kwa maji. Wangapi kati yetu wangefanya vilevile? Kijana wa kiume tunamwambia anyamaze, avumilie. Kuchora tunakuita mchezo, kuimba tunakuita uvivu. Lakini mgonjwa huyu mara nyingi hana maneno ya kueleza yaliyo ndani yake. Mkono wake husema kabla ya ulimi. Ukimzuia mkono, umemfunga mara ya pili.

Sikieni habari ya Brazili. Mwaka 1946, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, daktari mmoja mwanamke, Nise da Silveira, alikataa kuwapiga wagonjwa umeme kichwani na kukatwa kwa ubongo wao. Yeye alifungua chumba cha kuchora na kufinyanga. Humo aliingia Fernando Diniz, mtu mweusi, mwana wa mama mshona nguo. Tangu utoto aliziona nyumba za matajiri ambao mama yake aliwashonea. Yeye nyumba hakuwa nayo. Alichora vitu vya nyumba, kimoja kimoja, kisha akavikusanya pamoja katika chumba kizima. Mtu aliyevunjika alikuwa akijijengea pa kukaa! Ugonjwa wake haukufutika, lakini jina lake lilirudi. Kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho aliyoyaanzisha daktari huyo mwaka 1952.

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu na wasomi.» Je, Daudi alikuwa Mzungu? Mfalme Saulo aliposumbuliwa rohoni, watumishi wake hawakutafuta mnyororo. Walimtafuta kijana mchunga kondoo ajuaye kupiga kinubi, na Saulo akapata nafuu.

Wengine watanikumbusha kwamba Saulo huyo baadaye alimrushia Daudi mkuki. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi kwamba kinubi kinatosha. Dawa za daktari zisiachwe, na sala isiachwe. Bukavu kuna nyumba ya SOSAME ya Mabruda wa Charité. Mgonjwa apelekwe kwa watu wa namna hiyo waliojifunza kazi hii. Lakini akirudi kwetu na dawa zake, atafanya nini kutwa? Atakaa pembeni ya nyumba akichekwa na watoto?

Kila parokia ina ubao wa katekismu. Siku nyingi za juma hauna kazi. Tuna ngoma za kwaya, tuna udongo wa mfinyanzi bila kulipa hata faranga moja. Siku ya Alhamisi nafungua mlango wa chumba chetu cha mafundisho. Kijana yule huja na mama yake, hunywa dawa yake, huchukua chaki. Juma lililopita alichora mlango tena. Safari hii ulikuwa wazi.

Wazazi, msifute ukuta kabla ya kuusoma. Nanyi makatekista wenzangu, kabla ya kusema «pepo», kumbukeni mguu wa nani utakaofungwa.