Mambo? Sawa au shida

Haya wasomaji, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Nilikuwa naandika programu, na leo nawaambia jinsi ilivyokufa.

Ilikuwa ya kukumbusha watu kumeza dawa za presha. Rangi nzuri, kengele, grafu, kila kitu kwa Kiswahili. Nikaijaribu hapa hapa mtaani kwetu, Kisumu Ndogo, Malindi. Jirani yangu, mama mtu mzima, nilimwekea mwenyewe kwenye simu. Baada ya mwezi rekodi zikaonyesha kengele yake inajibiwa kila siku saa mbili asubuhi bila kukosa. Nikafurahi! Kumbe dawa zilimwishia wiki ya pili na pesa za kununua nyingine hana. Alikuwa akibonya ili inyamaze tu.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo yanipigia kelele kila siku, lakini nikikosa dawa yajua?"

Haijui. Akaniomba niitoe, nikaitoa.

Sasa linganisheni na mradi wa WelTel, uliofanyiwa majaribio hapa Kenya kuanzia mwaka 2007 kwa watu walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kila wiki muuguzi alituma ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Basi! Hata ugonjwa haukutajwa, jambo la maana sana pale simu moja inapotumiwa na watu wawili watatu nyumbani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: kati ya wagonjwa 538, waliomeza dawa ipasavyo ni asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe, na asilimia 50 ya wasiotumiwa.

Mtasema walijitahidi kwa sababu walijua wanachunguzwa. Lakini na wale wasiotumiwa ujumbe walikuwa ndani ya utafiti huo huo. Na ndiyo, asilimia 62 bado inaacha wengi nje.

Kinachoniuma kama mwandishi wa programu ni kwamba ile kazi ya kompyuta ningeimaliza mchana mmoja. Gharama iko kwa muuguzi mwenye muda na salio la kupiga simu, na ndicho kitu ambacho sisi hatukiweki kamwe kwenye bajeti. Tunaongeza nyota, pongezi na arifa, halafu tunashangaa watu wanaifuta programu ili wapate nafasi ya picha. Mtu harudi kwenye kitu kisichomjibu.

Grafu nimezitupa. Imebaki swali moja kwa wiki, na jibu la "shida" linaingia kwenye simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, aliyekubali kujaribu na watu kumi. Salio lake nalipa mimi. Mama jirani ni wa kwanza kwenye orodha, na Jumatatu iliyopita alijibu "shida".