Paka wa Mitaani na Wajibu Wetu

Mwezi huu twapenda kunena juu ya kiumbe ambaye kila siku twampita barazani wala hatumtazami, naye ni paka asiye na mwenyewe.

Sote tumepata kusikia chuoni habari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, nayo ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Yafaa tuizingatie vizuri. Mwanamke huyo alimfungia paka, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia mwenyewe. Sasa natuulizane: mtu atiaye watoto wa paka guniani, ambao hata macho hawajafumbua, akaagiza wakatupwe sokoni au pwani, ana tofauti gani naye? Mtoto wa paka hutegemea maziwa ya mama yake kwa kiasi cha wiki nne za mwanzo, wala haifai kumtenga naye kabla ya wiki nane. Na la kusikitisha zaidi ni kuwa mara nyingi atumwaye na gunia hilo ni mtoto mdogo wa nyumbani. Je, mtoto huyo tumemfunza nini?

Wako watakaosema, "Paka wamezidi, tufanyeje?" Ni kweli wamezidi. Paka jike huweza kushika mimba hata kabla ya kutimiza miezi sita, huichukua kwa kiasi cha miezi miwili, na aghalabu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kuwatupia vichwa vya samaki, ingawa ni sadaka, peke yake hakutoshi.

Iko njia iliyo bora. Katika mji wa Lamu, ambao paka wamejaa vichochoroni mwake, madaktari wa wanyama pamoja na watu wa kujitolea wamefanya kazi ya kuwanasa paka, kuwafunga uzazi, kisha kuwarudisha mtaani mwao. Mahali pengi palipo na kazi hii, paka hukatwa ncha ya sikio angali amelazwa kwa dawa, ili ijulikane kuwa amekwisha kutengenezwa, asinaswe tena bure.

Amma juu ya kufunga uzazi, wanavyuoni wamehitilafiana. Wako walioukataza, na wako, hasa wa zama hizi, walioruhusu iwapo paka wamekithiri wakaleta madhara, na kazi yenyewe haimdhuru mnyama. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni amwaminiye.

Enyi vijana, kupasua ni kazi ya daktari, lakini zilizobaki zawangoja ninyi: kuwahesabu paka wa mtaa, kutega kizimba, kukifunika kitambaa ili paka atulie, kuosha vizimba, na kuwatafutia watoto wa paka nyumba za kuwalea. Ila msimkamate paka msiyemjua kwa mikono mitupu. Akikuuma au akikuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, kwani kichaa cha mbwa humpata paka pia. Wala msimpe paka mgonjwa dawa za binadamu. Parasetamo tuimezayo kwa maumivu ya kichwa huweza kumuua.

Waislamu waliotutangulia hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, husimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani mjini Cairo kwa ajili ya kulisha paka. Sisi hatuna bustani za kuweka wakfu, lakini kijana hakosi siku moja ya mapumziko ya chuo.

Basi enyi baba na mama, paka wa nyumbani akizaa, waacheni watoto wake mpaka wajiweze, na jirani aulizwe kama amtaka mmoja. Mama yao naye apelekwe kwa daktari, akiwapo, na mtoto wenu ndiye akichukue kizimba. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe wake, naye atuhurumie sisi. Amin.