Sinia Tusilotaka Kulionja

Wako waungwana wa pwani ambao wakirudi kutoka bara husimulia safari nzima kwa malalamiko ya tumbo. Baridi kali, vumbi jingi, na mwisho wa yote: "hakuna chakula". Neno hili la mwisho ndilo ninaloligombea. Hakuna chakula wapi? Mbulu, nchi ya vitunguu saumu, maziwa na asali?

Nimefika Mbulu. Katika mgahawa mmoja wa mjini ubao ulitangaza wali, chipsi na kuku. Nilipouliza ugali wa mtama na maziwa ya mgando, kijana aliyenihudumia alicheka kwa haya: "Hicho cha nyumbani, mzee, si cha wageni." Nikaenda hadi Masieda, kijijini. Huko mama mwenye nyumba alinitengea ugali wa mtama, mboga za majani na maziwa yaliyogandia katika kibuyu kilichofukizwa, kisha akaniomba radhi kwamba hakuwa na mchele. Ameomba radhi kwa utajiri wake! Nani aliyemfundisha radhi ile? Ni sisi wageni, kwa nyuso tunazokunja mbele ya sinia.

Na tunajivunia nini? Muhogo, mahindi na pilipili vimevuka bahari kutoka Amerika. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Biriani ina nasaba ya Uajemi na Bara Hindi. Sioni aibu kwa hayo. Wazee wetu walionja vya watu, ndipo wakapata vyao. Lakini mtama na wimbi ni mbegu za Afrika yenyewe, nazo ndizo tunazozipa mgongo. Tumerithi upishi wa wazee, tukaukataa ujasiri wao wa kuonja.

Tena pale tunapopadhania pori ndipo Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana, na lugha za Kibantu zinapopakana. Watu wa nchi kama hiyo hawakuanza jana kupokea wageni wala kujua mgeni anatengewa nini.

Najua jibu litakalokuja: vinywaji vya huko vimechachuka, na nyama hatujui imechinjwa na nani. Kweli. Pombe ya mtama simsihi Muislamu aionje. Lakini uharamu wa kitu kimoja haulifanyi sinia zima kuwa haramu. Maziwa yana kosa gani? Asali je? Tusiifanye dini kuwa pazia la kibri chetu.

Na hasara si ya adabu tu. Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi, lakini nani atashikilia kupanda kile anachokionea haya? Mgeni anapokikataa, mwenyeji naye hukiacha, na mbegu hupotea kimya kimya. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, ekari 100,000 hivi huko Hanang, zilizokuwa malisho ya Wabarabaig, zililimwa ngano ili miji ipate mkate. Basi mkate wa mjini umewahi kulipiwa kwa maziwa ya watu wale. Nasi tukifika kwao, twauliza: mkate uko wapi?

Kila siku twamlaumu mtalii anayeshuka Unguja, akajifungia katika hoteli ya ufukweni, akala kilekile alichokiacha kwao, akaondoka bila ya kuonja urojo wala mkate wa kumimina. Twasema huyo hakufika Zanzibar. Hukumu hiyo ni ya haki. Basi na ituguse na sisi. Aliyekwenda Mbulu na kopo lake la achari, akala chipsi siku tatu, hakufika Mbulu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa mgeni anayemfanya akionee haya chungu chake. Siku ukijaaliwa kufika Masieda, usiulize wali. Nawa mikono, kaa, ule ulichotengewa. Na kama kitakushinda, kikushinde baada ya kukionja.