Genoa: Mji Uliobanwa na Mlima na Bahari

Msafiri aingiaye Genoa kwa meli huuona kwanza mnara wa taa uitwao Lanterna, ambao ulijengwa upya mwaka 1543 na ungali ukiwaongoza mabaharia hadi leo. Kimo chake ni mita 77. Nyuma yake mji wa bandari umepanda mlimani, nyumba juu ya nyumba, kila moja ikichungulia bahari juu ya paa la mwenziwe. Nchi tambarare ni haba mno hapo, na kwa sababu hiyo lifti ni chombo cha usafiri wa umma kama basi. Lifti ya Castelletto, iliyoanza kazi mwaka 1909, humpandisha mama na kikapu chake cha sokoni, na mzee na mkongojo wake, hadi mtaa wa juu. Mgeni afanya vyema kuanzia huko, ayaone mapaa na gati kwa pamoja kabla hajaingia vichochoroni.

Vichochoro vyenyewe ni vyembamba, na jua huvifikia kwa nadra. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au wa Mombasa hatavistaajabia sana. Majumba ya matajiri wa kale, waliowakopesha fedha wafalme wa Hispania, yako karibu, nayo yapendeza. Lakini majumba ya matajiri yapo kila mji.

Jambo lisilopatikana kila mji limo katika kanisa kuu la San Lorenzo, lenye kuta za mistari myeupe na myeusi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 1941, manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga kutoka baharini. Watu zaidi ya 100 walikufa. Kombora moja kubwa lilitoboa ukuta wa kanisa, likaanguka ndani, lisilipuke. Kombora la namna ile limewekwa humo hadi leo, pamoja na maandishi ya kushukuru. Askari aliyewahi kushika mzinga hana haja ya kuelezwa lingalifanya nini.

Miaka minne baadaye mji huo huo ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, nao walikwisha kutega baruti ili kuiharibu bandari. Wenyeji waliondoka viwandani na majumbani, wakashika silaha. Jioni ya tarehe 25 Aprili 1945 Jenerali Günther Meinhold alitia sahihi hati ya kusalimu amri. Aliyeipokea, kwa niaba ya Kamati ya Ukombozi, hakuwa jenerali mwenziwe bali raia, mfanyakazi aitwaye Remo Scappini. Majeshi ya Marekani yalikuwa bado njiani. Bandari ikaokoka, na mwaka 1947 mji wenyewe ukatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa wa kijeshi.

Kwa upande wa bondeni, nyuma ya mji, yako makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa mwaka 1851. Ni kama mji wa pili, uliojaa sanamu za marumaru za mabwana na mabibi wenye mali. Miongoni mwao amesimama Caterina Campodonico, muuza njugu. Mama huyo alizunguka katika magulio na sikukuu akiuza njugu zilizotungwa uzini na mikate ya duara, akadunduliza senti kwa senti. Mwaka 1881 alimwajiri mchongaji hodari, Lorenzo Orengo, amchonge angali hai, akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, na biashara yake mkononi. Mwaka uliofuata alifariki. Wageni wengi hupita kwa mabwana bila kusoma majina yao, wakasimama kwake.

Chakula cha mji huo si kigeni sana kwa mama wa nyumbani wa Afrika Mashariki. Farinata hutengenezwa kwa unga wa dengu, kama ule wa bajia, ukakorogwa kwa maji, chumvi na mafuta ya zeituni, kisha ukaokwa katika sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni. Mchuzi wao mashuhuri, pesto, hutwangwa katika kinu cha marumaru: majani ya mrehani, kitunguu saumu, kokwa za msonobari, jibini na mafuta.

Atakaye kuona shamba na pwani ashike njia ya mashariki hadi Camogli, kijiji cha wavuvi, kisha apande mashua kwenda San Fruttuoso. Hapo pana nyumba ya kale ya watawa iliyobanwa kati ya msitu na maji. Barabara ya gari haifiki. Katika ghuba yake, mita 17 hivi chini ya maji, imesimama sanamu ya shaba ya Kristo aliyeinua mikono, iliyozamishwa mwaka 1954 kwa kumbukumbu ya waliofia baharini. Wapiga mbizi huifikia. Mgeni asiyejua kuogelea huitazama bahari tu, akihesabu saa, kwa maana mashua ya mwisho ikimwacha hana budi kuvuka mlima kwa miguu hadi Portofino, mwendo wa saa moja na nusu au zaidi, na njia ni ya mawe.