Neno «bure» kwenye lango la hospitali

Sisi wa fakulte ya lugha tunapenda kuonyesha jinsi neno moja linavyobeba maana mbili. Chukueni neno «bure». Kwanza ni kitu kisicholipiwa. Pili ni kazi isiyo na faida, kama kutwanga maji kwenye kinu. Mwaka jana nilizikuta maana zote mbili katika hospitali moja ya mji wetu.

Dada yangu mkubwa alijifungua kwa kupasuliwa. Siku ya sita daktari akasema amepona, arudi nyumbani. Hakurudi. Alikaa siku 19 zaidi katika chumba cha nyuma, pamoja na akina mama wengine waliopona lakini hawakuwa na feza ya kulipa. Mlinzi wa lango alishika orodha ya majina yao. Redioni tulikuwa tumesikia kwamba kuzaa sasa ni bule. Kwenye dirisha la malipo tuliambiwa mpango huo haujawafikia. Mwishowe baba alitoa feza za minervali yangu, nami nikakosa kikao cha kwanza cha mitihani. Mpwa wangu anaendelea vizuri, na mimi simdai kitu.

Nilitaka kuandika makala ya kuwalaani wauguzi. Lakini siku tuliyolipa, muuguzi mmoja mzee aliniita pembeni. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi bila jina lake kuingia katika orodha ya mishahara ya Serikali. Aliniambia: «Mutoto, dada yako akitoka bila kulipa, sisi tutagawana nini mwisho wa mwezi?» Sikuwa na jibu. Tangu siku ile naona kwamba lango lile halikufungwa na roho mbaya ya mtu mmoja. Lilifungwa na namna tunavyotafuta feza za matibabu: mgonjwa ndiye mshahara wa muuguzi, ndiye dawa za duka la hospitali, ndiye mafuta ya jenereta. Hata sehemu ya makusanyo hupandishwa kwa ofisi za juu. Anayelisha mnyororo huo wote ni mtu aliyelala kitandani, siku ile ile ambayo hana nguvu ya kutafuta kitu.

Wazee wa Lubumbashi watatuambia kwamba zamani haikuwa hivyo. Mfanyakazi wa Gécamines, mke wake na watoto wake walitibiwa katika hospitali za kampuni bila kutoa feza mlangoni. Ni kweli, lakini tusisahau mambo mawili. Mtu asiyekuwa na kazi kwenye kampuni hakuwa na haki hiyo. Tena kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, hospitali zake zilidhoofika pamoja nayo, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 walioachishwa kwa mpango wa «kuondoka kwa hiari» mwaka 2003 waliondoka bila ulinzi ule. Afya iliyofungwa kwenye mti mmoja huanguka na mti huo.

Mpango tunao. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519, kila moja ikitakiwa kuwa na hospitali yake kuu na vituo vyake, na mpango huo umekuwapo tangu miaka ya 1980. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwezi wa tisa 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bila malipo. Sheria na ahadi hazikosekani. Kinachokosekana ni feza kufika kwa wakati, mahali panapotakiwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, Serikali ilipe kabla ya kutangaza. Hospitali ikizalisha mama mia moja kwa ahadi ya kurudishiwa gharama, kisha ikangoja miezi, itaishiwa nyuzi na glavu, na mama wa mia na moja ataambiwa akanunue mwenyewe sokoni. Hapo «bure» ya kwanza inageuka kuwa «bure» ya pili.

La pili, misaada iingie katika mfuko mmoja wa zoni. Leo huyu analeta feza za malaria, yule za chanjo, mwingine za kifua kikuu, kila mmoja na ripoti yake na semina yake. Daktari mkuu wa zoni anaweza kumaliza wiki nzima akijaza karatasi za wafadhili, huku paa la wodi ya wazazi linavuja kwa sababu halimo katika mradi wa mtu yeyote.

La tatu linatuhusu sisi. Tulipe kabla ya kuugua. Sheria ya mwezi wa pili 2017 imeweka kanuni za vyama vya kusaidiana, na kule Bukavu mutuele za afya zimefanya kazi kwa miaka mingi. Wengi watasema: hiyo ni likelemba tu. Hapana. Katika likelemba kila mtu hungoja zamu yake, na feza zake humrudia. Katika mutuele mzima humlipia mgonjwa, na anayemaliza mwaka bila kuugua hapewi kitu. Ndiyo sababu wengine hujitoa wakisema: «Nimelipa bure.» Wakibaki wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Basi mutuele ya wanafunzi lazima iwe ya wote, na mchango mdogo ulipwe pamoja na minervali.

Najua swali litakalofuata: nani atashika sanduku? Ni swali la haki, maana tumeona masanduku mengi yakiliwa. Jibu langu ni hesabu kubandikwa ukutani kila mwezi, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Hapa fakulte yetu ina kazi. Dada yangu alitiwa saini karatasi ya Kifaransa ya ukurasa mzima bila kuambiwa kwamba ndani yake palikuwa na vitu ambavyo tulikuwa tumekwisha kuvinunua nje. Mimi ndiye niliyeisomea familia, na tulipouliza, deni lilipungua. Je, wale wasio na mwanafunzi nyumbani?

Nawaomba wakubwa wa promosheni walete jambo hili katika mkutano ujao, tukiwa na mapendekezo mawili: mutuele ya wanafunzi wote, na kikundi cha kutafsiri kwa Kiswahili bei na karatasi za malipo za hospitali zitakazokubali. Mutuele itachukua muda. Tafsiri tunaweza kuianza wiki hii, kwa kalamu tulizo nazo.